Matanga Yakiisha, Nani Hubaki na Mfiwa?



Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu wa afya, mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutuelekeza makaburini. Tunafyeka majani, tunasimamisha upya misalaba iliyoanguka, tunaandikisha majina ya marehemu wetu kwa ajili ya Misa Takatifu. Ni desturi njema na tunaiheshimu. Lakini safari hii sisi wauguzi tungependa kuwaomba mtazame pia upande mwingine wa kaburi, yaani yule aliyesimama pale akarudi nyumbani peke yake. Marehemu tunamwombea. Je, huyu aliyebaki tunamfanyia nini?

Tunaanza na kisa kimoja. Tumebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

MGONJWA ASIYEKUWA NA MALARIA

Mama mmoja wa makamo alifika kwenye chumba cha wagonjwa wa nje mara nne ndani ya miezi miwili. Kila mara alieleza mambo yale yale: moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, usingizi hauji, chakula hakipiti, mikono inatetemeka. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tulimpima presha, ilikuwa nzuri. Tulimpima damu, haikuwa na upungufu wa kutisha. Mara ya kwanza tulimpa vidonge vya maumivu. Mara ya pili tulimpa vidonge vya maumivu na vya vitamini. Mara ya tatu tulianza kunong'onezana kwamba mama huyu anapenda hospitali.

Mara ya nne alipokwisha kupewa dawa hakuondoka. Alibaki kwenye benchi hadi foleni ikaisha. Ndipo muuguzi mmoja akakaa karibu naye na kumwuliza: "Mama, nyumbani unaishi na nani?"

"Na watoto wangu watatu, Sista. Baba yao hayupo."

"Amesafiri?"

"Amekufa. Kifusi kilimfukia kwenye duara la dhahabu. Sasa ni mwezi wa tano."

Kisha akalia, na akalia kwa muda mrefu. Katika mara zote nne hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza habari za nyumbani. Tulipima damu yake, lakini maisha yake hatukuyauliza. Kosa hilo ni letu, wala hatutafuti wa kumsingizia. Tunalisimulia hapa kwa sababu tunaamini kwamba kosa hilo hilo linatendeka pia nje ya hospitali, katika mitaa yetu, katika vigango vyetu, na hata katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo.

TUNAJUA KUZIKA, HATUJUI KUBAKI

Wana Katavi tunajua kuzika. Mtu akifariki, habari huenea kabla jua halijazama. Wanaume huchimba kaburi, akina mama huleta unga, kuni na maji, wanajumuiya huja na rozari, wanakwaya hukesha. Kwa siku tatu au zaidi mfiwa hapati nafasi ya kuwa peke yake. Hata aliye maskini kabisa huzikwa kwa heshima. Ni jambo la kumshukuru Mungu, kwani ziko nchi tajiri ambako mtu hufariki na jirani wa mlango wa pili asijue.

Lakini tuangalie yanayofuata. Matanga yakianuliwa, sufuria hurudishwa kwa wenyewe, turubai hukunjwa, ndugu wa mbali huwahi basi au treni. Wiki ya pili watu wachache hupita kumjulia hali. Mwezi wa pili hapiti mtu. Na kwa kadiri tulivyoona hospitalini, ni hapo hasa ndipo mfiwa anapoanza kuumia kweli. Siku zile za kwanza huwa kama mtu aliyepigwa ganzi. Ganzi ikiisha, maumivu huja, na yanapokuja nyumba imekwisha kuwa kimya.

Maoni yetu basi ni haya: msaada mkubwa tunautoa wakati mfiwa hajaanza kuuhitaji sana, na tunauondoa wakati anauhitaji kuliko chakula. Tukiwa wanajumuiya tunaweza kulibadilisha jambo hili bila fedha na bila kumngoja daktari.

KWA NINI HAPA KWETU HALI NI NZITO ZAIDI

Mahali pengine mfiwa hubaki katikati ya ukoo wake. Hapa kwetu wengi hawana bahati hiyo. Mji wa Mpanda ulikua kwa ajili ya madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mgodi huo. Tangu hapo watu wameendelea kuja: wachimbaji wa dhahabu, wakulima wa tumbaku na mpunga, wafugaji na mifugo yao, wafanyakazi wa serikali, hasa baada ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012. Tunaishi pamoja Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma, Waha, Wanyamwezi na wengine wengi. Ni uzuri wa mkoa wetu. Lakini msiba unapotokea, shangazi yuko Kigoma, kaka yuko Sumbawanga, na mama mzazi yuko kijiji cha mbali huko Mwanza.

Wako pia majirani zetu wa Katumba na Mishamo. Wengi wao, au wazazi wao, walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakapewa mashamba katika makazi hayo miaka ya 1970. Kuanzia mwaka 2008 wengine walirudi Burundi, na wengi waliobaki walipewa uraia wa Tanzania. Kwa namna hiyo familia zilizokwisha kugawanyika mara moja ziligawanyika mara ya pili. Wako wazee miongoni mwao wasiojua baba zao walizikwa wapi, au kama walizikwa. Huzuni ya namna hiyo haina kaburi la kufyeka mwezi Novemba, na kwa sababu hiyo ni rahisi watu kuisahau.

Tukumbuke pia kwamba kifo si hasara pekee. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika aliyepoteza mtumbwi na nyavu, mkulima aliyepoteza mazao yote, mama ambaye mimba yake imeharibika, msichana aliyeachwa na mchumba, mzee aliyestaafu akakosa la kufanya: wote hao wamefiwa kwa namna fulani, ingawa hakuna anayewapelekea unga.

MAJONZI SI UGONJWA, LAKINI YANAWEZA KUZAA UGONJWA

Hapa tunaomba tueleweke vizuri. Kulia, kukosa usingizi, kumwota marehemu, kumsikia kama anaita, kukasirika, hata kumkasirikia Mungu, hayo yote katika wiki na miezi ya mwanzo ni majonzi ya kawaida. Si wazimu, si kurogwa, wala si ukosefu wa imani. Bwana wetu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro, hali akijua kwamba baada ya muda mfupi atamfufua.

Majonzi mara nyingi huja pamoja na hofu. Mjane huuliza: ada ya shule ataitoa nani? Wakwe watanifukuza? Na mimi nikifa, watoto watakwenda wapi? Hofu ikikaa ndani muda mrefu, mwili huanza kuisema kwa lugha yake. Moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo husokota, mikono hutetemeka, pumzi hukatika kana kwamba mtu amekabwa. Sababu ni kwamba mwili wa mwenye hofu hujiandaa kukimbia hatari, kama vile amekutana na simba njiani. Tofauti ni kwamba simba hupita, lakini hofu ya mfiwa iko naye usiku na mchana, na mwili huchoka.

Dalili zifuatazo zikiendelea bila kupungua, ni vema mfiwa apelekwe kwenye kituo cha afya au hospitali:

1. Hawezi kufanya kazi zake za kila siku, wala kuwahudumia watoto, kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo.
2. Hali chakula na anakonda sana.
3. Ameanza kunywa pombe ili apate usingizi.
4. Anasikia sauti zinazomwamuru kufanya mambo, au anasema mambo yasiyoeleweka.
5. Anasema hana faida, afadhali afe, au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inatibika. Zipo dawa za kutibu hali hiyo na wapo wataalamu. Lakini walio wengi hawafikii hatua hiyo, na wengi wa wanaofikia wangeweza kuokolewa mapema kama wangekuwa na watu wa kukaa nao.

MANENO YANAYOUMIZA

Tukiwa na nia njema kabisa, mara nyingi tunasema maneno yanayomfunga mfiwa mdomo. Tumeyasikia wodini, na tunakiri kwamba tumeyasema sisi wenyewe:

"Jikaze, wewe mwanaume." Mwanaume huyo hujikaza kweli, akaenda kulilia kilabuni kwenye pombe.

"Usilie, ni mapenzi ya Mungu." Mama aliyepoteza mtoto husikia kwamba Mungu ndiye aliyemuua mwanawe, tena kwamba ni dhambi kuumia.

"Mbona wengine wamefiwa zaidi yako?" Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu mmoja anyamaze kwa kuwa yuko aliyevunjika miwili.

"Utazaa mwingine." Mtoto si kikombe, kwamba kikivunjika unanunua kingine.

"Kuna mkono wa mtu hapa." Neno hili ndilo baya kuliko yote. Humwondolea mfiwa huzuni na kumpa chuki, na hapa kwetu limekwisha kuwagharimu maisha vikongwe wasio na hatia.

Tuwakumbuke rafiki zake Ayubu. Waliposikia msiba wake walikuja, wakaketi pamoja naye chini siku saba, wala hawakusema neno, kwa maana waliona maumivu yake ni makubwa. Walifanya vizuri sana siku hizo saba. Walikosea walipoanza kufungua vinywa vyao ili kumweleza Ayubu kwa nini amepatwa na msiba. Basi funzo kwetu ni hilo: kuketi ni dawa. Kueleza sababu, mara nyingi, ni chumvi kwenye kidonda.

WALIOFIWA WAKIKETI PAMOJA

Kuna watu ambao wanaweza kumfariji mfiwa kuliko padre, kuliko muuguzi, hata kuliko ndugu yake. Hao ni watu waliofiwa kama yeye. Mjane wa miaka mitatu anajua jambo ambalo sisi wenye waume hatulijui. Anajua jinsi jioni ilivyo ndefu. Anajua uchungu wa kupika ukakuta umepima unga wa watu watano wakati mmebaki wanne. Akisema "nakuelewa", anaelewa kweli.

Jambo hili limejaribiwa, tena kwa jirani zetu. Januari 1987 huko Uganda, Bibi Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe, Christopher, kwa ugonjwa wa UKIMWI. Wakati huo watu waliwakimbia wagonjwa hao na familia zao. Mwaka huo huo yeye na wenzake wachache, wengi wao wakiwa wagonjwa wenyewe au wafiwa, walianzisha shirika la TASO. Mwanzo wake ulikuwa watu waliokuwa wakikutana kuzungumza na kutiana moyo, wakati dawa za kufubaza virusi hazikuwa zikipatikana kwao. Hawakuwa na tiba ya kupeana. Walipeana masikio.

Baadaye, katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako UKIMWI uliacha wajane na yatima wengi mno, wataalamu walifanya utafiti katika vijiji 30. Wananchi wenyewe waliwaeleza kuwa wana maradhi mawili ya moyo, ambayo kwa Kiganda huitwa kwa maneno yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Watu walioteseka hivyo walikusanywa katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Walioviongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wa kawaida waliofundishwa kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya mambo kama msiba, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, katika kila watu 100 wa vikundi hivyo, 86 walikuwa na sonona. Baada ya wiki 16 walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, zaidi ya nusu walikuwa bado wanaumwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuendesha vikundi vya namna hiyo, ili nchi nyingine nazo zivitumie.

Na hapa kwetu Tanzania, mjini Moshi na vijiji vyake, na pia Bungoma nchini Kenya, watoto yatima 640 walihusishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Nusu yao walikutana katika vikundi mara 12, wakiongozwa na watu wasio wataalamu, na walezi wao pia walikutana. Mara baada ya mikutano hiyo watoto wengi walikuwa wamepata nafuu ya majonzi na hofu. Huko Bungoma nafuu hiyo ilionekana wazi hata baada ya mwaka mzima. Kwa Moshi, mwaka ulipokwisha, watoto ambao hawakuwa katika vikundi nao walikuwa wamepata nafuu karibu sawa na wenzao. Hatusemi basi kwamba kikundi ni muujiza. Tunasema kwamba kinasaidia, na kwamba watu wa kawaida wanaweza kukiongoza.

CHOMBO TUNACHO TAYARI

Tunaposoma habari za Masaka tunajiuliza: watu wachache, wanaofahamiana, wanaokutana kila wiki mahali pamoja, hao si ndio sisi? Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, walizifanya Jumuiya Ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji. Leo hakuna kigango kisicho na jumuiya. Yale ambayo wengine hutafuta wafadhili ili wayaanzishe, sisi tunayo kila Jumamosi chini ya mwembe.

Lakini tuseme ukweli. Jumuiya nyingi zimekuwa mahali pa kusali rozari, kusoma Injili haraka haraka, kutangaza michango na kutawanyika. Mtu anaweza kuhudhuria mwaka mzima na moyo wake ukiwa unavuja damu, asiulizwe. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa viongozi wa jumuiya, WAWATA, utume wa wanaume, na kwa mapadre wetu paroko:

Kwanza, baada ya matanga, jumuiya iwachague watu wawili, jinsia moja na mfiwa, na ikiwezekana nao waliwahi kufiwa. Wawili hao wamtembelee kila wiki kwa miezi mitatu. Wasiende na hotuba. Waende wapepete naye mchele, wapalilie naye mahindi, na katika kazi hiyo wamsikilize.

Pili, wakumbuke siku ngumu: siku ya arobaini, Krismasi ya kwanza, kufunguliwa kwa shule, siku aliyofariki marehemu mwaka unapotimia. Siku hizo mfiwa asiachwe peke yake.

Tatu, katika kila parokia waliofiwa wakutane mara moja kwa wiki au hata kwa majuma mawili, watu 6 hadi 10, wanawake kwao na wanaume kwao. Waanze kwa sala fupi. Kila mmoja apewe nafasi ya kusema, na asiyetaka kusema akae tu. Mtu asikatizwe, asihukumiwe, asipewe mahubiri. Kabla ya kutawanyika kila mmoja aseme jambo moja dogo atakalolifanya wiki hiyo: kwenda sokoni, kufua nguo za marehemu, kuzungumza na shemeji juu ya shamba.

Nne, siri. Hii ndiyo nguzo. Neno lililosemwa katika kikundi likikutwa kisimani kesho yake, kikundi kimekufa. Anayeshindwa kutunza siri aombwe kwa upole kutafuta huduma nyingine parokiani.

Tano, kiongozi wa kikundi ajue mpaka wake. Akiona dalili zile tano tulizozitaja, asijaribu kutibu. Amsindikize mgonjwa hospitalini, tena aingie naye chumbani kama mgonjwa anakubali.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Sala haitoshi?" Sala ni chakula cha roho, wala hatutaki mtu aiache. Lakini Bwana wetu kule bustanini Gethsemane, alipokuwa na huzuni ya kufa, alisali na pia aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Kama Mwana wa Mungu alitaka watu wa kukaa naye, sisi ni akina nani tusiwahitaji? Mtume Paulo naye aliwaagiza Wagalatia wabebeane mizigo. Hakuwaagiza kila mtu abebe wake kimya kimya akijisifu kwa imani.

"Sisi maskini tutasaidia nini?" Kukumbusha haki ya mjane mbele ya ukoo hakugharimu shilingi. Kumwangalizia watoto saa mbili ili alale hakugharimu shilingi. Tena wakati mwingine hofu ya mjane ina jina lake: shamba, nyumba, ada. Watu wanane wakikaa pamoja, mmoja atajua pa kwenda kuuliza.

"Wanaume hawatakuja." Huenda wasije kwenye kitu kinachoitwa kikundi cha kulia. Lakini watakuja kujenga banda la mwenzao, na mkono ukiwa kazini ulimi hulegea. Huko Masaka na Rakai vilikuwapo pia vikundi vya wanaume, na walikuja.

NA WATOTO JE?

Watoto wengi huambiwa baba amesafiri. Mtoto husubiri, kisha huacha kuwaamini watu wazima. Mwambieni ukweli kwa maneno mepesi: baba amekufa, mwili wake haupumui tena, hatarudi, wala si kosa lako. Jambo hili la mwisho ni muhimu, kwani watoto wadogo hudhani kifo kimekuja kwa sababu walikuwa wakaidi. Mtoto akianza kukojoa kitandani, kuogopa giza au kushuka darasani, asichapwe. Hiyo ndiyo namna yake ya kulia.

ANAYETAKA KUJIUA

Ni jambo zito lakini hatuwezi kulipita. Mtu akisema anataka kufa, tusimcheke wala kumtisha kwa jehanamu. Tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humpunguzia mzigo. Asiachwe peke yake hata saa moja. Dawa za pamba na za tumbaku, ambazo nyumba nyingi huzihifadhi chini ya kitanda, zitolewe humo, na pia kamba na vidonge. Kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na ikitokea mtu amekwisha kujiua, tusiitenge familia yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatambua kwamba matatizo mazito ya akili, uchungu au hofu kubwa vyaweza kupunguza lawama ya mtu huyo, na inafundisha kwamba Kanisa huwaombea. Kwa hiyo matanga ya nyumba hiyo yasiwe na watu wachache kuliko ya wengine. Wao ndio wenye kuhitaji watu zaidi.

TWENDE NA MFANO WA KAREMA

Ardhi yetu hii ina mfano. Adriano Atiman alikuwa mtoto alipokamatwa na wafanya biashara ya watumwa huko Afrika Magharibi, akatengwa na wazazi wake. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, akasomeshwa uganga huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Huko alitumika akiwa katekista na mganga hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyenyang'anywa jamaa yake yote alitumia miaka 67 kuketi kando ya vitanda vya jamaa za watu wengine. Hatudhani kwamba jeraha lake lilifutika. Tunadhani lilimfundisha mahali pa kukaa.

Tumalizie na yule mama wa mwanzo. Hatukumpa dawa mpya. Kwa ruhusa yake tulizungumza na mwenyekiti wa jumuiya yake, naye akawatafuta wajane wawili wa mtaa ule. Wakawa wanakwenda kwake kila Jumatano kumsaidia kuchambua karanga. Moyo bado humwenda mbio baadhi ya usiku, na ada ya shule bado ni taabu. Ila anakula, analala, na mwezi uliopita ni yeye aliyetumwa kumtembelea mama mwingine.

Tunaomba jambo moja dogo mwezi huu wa Novemba. Makatibu wa jumuiya, mnapoandika majina ya marehemu kwa ajili ya Misa, pembeni ya kila jina andikeni jina la mtu aliyebaki, na karatasi ya pili ikae kwenu. Za marehemu zipelekeni altareni. Za waliobaki zigawaneni, kila mtu na jina lake, mkaanze kupiga hodi.